Wanawake wa Longido Wanapokuja Kuimba Arusha: Niliyojifunza Nikiwa Kwenye Mitambo

Kazi yangu ni sauti. Nafunga spika na maikrofoni kwenye harusi, mahafali na mikutano ya injili, na mara moja moja kwenye maonyesho ya sanaa hapa Arusha. Ila kuna kazi moja ninayoipenda kuliko zote, ingawa malipo yake ni ya kawaida tu. Vijana wa mtaani kwetu huandaa jioni za masimulizi na nyimbo, na wasanii kutoka nyika kame za Longido na upande wa Ngorongoro wanakuja mjini kusimulia maisha yao na kuyaimba. Wenzangu wa fani hii wameniuliza mara nyingi nafungaje mitambo kwa ajili ya waimbaji ambao hawana ngoma, hawana gitaa, hawana kinanda. Nitaeleza. Lakini mengi niliyoyapata pale hayahusu nyaya, na hayo ndiyo yaliyonifanya nikae chini kuandika.

Nianze na mlima, maana bila mlima nyimbo zenyewe hazieleweki. Sisi wa Arusha mjini tunaishi ubavu wa kusini wa Meru, mlima wa zaidi ya mita 4,500. Upepo wa Bahari ya Hindi unakuja na unyevu, unakutana na Kilimanjaro na Meru, unapanda, unapoa, na mvua inamwagika upande wetu. Ndiyo maana Tengeru kuna migomba na Usa River kuna kahawa. Upepo huohuo ukishavuka kwenda kaskazini hauna kitu tena. Panda gari barabara ya Namanga, pita Ngaramtoni, pita Oldonyosambu, na kabla hujakaa vizuri kwenye kiti kijani kimeisha: migunga, vumbi, makorongo makavu, na mbuzi wanaookota matunda ya mgunga chini ya kivuli. Longido ni kama kilomita 80 tu kutoka hapa. Mlima unaotunywesha sisi ndio unaowanyima wao.

Mimi nimezaliwa Kibosho, ubavu wa Kilimanjaro wenye mvua. Nyuma ya nyumba yetu ulipita mfongo, yaani mfereji wa maji wa Wachaga, na ugomvi wa utoto wetu ulikuwa zamu ya kufungulia maji yaingie kihambani, kwenye shamba la nyumbani. Maji yalikuwa jambo la kugombea zamu. Sikuwahi kumsikia mtu akiyaimba kwa majina ya mahali yalipo, na umbali wa kutoka kisima kimoja hadi kingine, na mwaka ambao kisima fulani kiliwakataa watu. Hayo niliyasikia kwa mara ya kwanza kwa wanawake wa Longido.

Ushauri wangu wa kwanza kwa fundi yeyote ni huu: kabla hujafunga kitu mjini, nenda ukawasikilize kwao. Nilikwenda asubuhi nikidhani mazoezi yataanza mapema. Punda walikuwa ndio kwanza wanatoka na madumu ya lita ishirini, na wanawake nyuma yao. Nikaambiwa nisubiri. Waliporudi jua lilikuwa limepanda sana, wakatua mizigo, wakagawa maji, wakawanywesha ndama, ndipo wakakaa chini ya mti. Hata hapo hawakuanza kwa kujipanga mistari. Mama mmoja alikuwa anasafisha kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha oloirien, ule mzeituni pori unaoacha harufu ya moshi kwenye maziwa, na wimbo ulianza mdomoni mwake mikono ikiwa bado kazini. Wengine wakaitikia mmoja mmoja hadi wakawa wote.

Katika uimbaji wa Kimaasai kuna anayeongoza. Wanamwita olaranyani, naye ni yule anayeumudu vizuri wimbo unaoimbwa wakati huo, kwa hiyo wimbo ukibadilika kiongozi naye anaweza kubadilika. Anatupa mstari wa kufungua, kundi linaitikia kumwonyesha kuwa limempokea, kisha yeye anapanda na maneno huku wengine wakishikilia chini yake mapigo ya sauti za kooni na pumzi. Shingo nazo zinaimba: pumzi ikiingia kichwa kinarudi nyuma, ikitoka kinakwenda mbele, na shanga za shingoni zinadunda palepale. Ngoma hawatumii. Pumzi ndiyo ngoma yao.

Sasa fundi aliyezoea kwaya atataka kumpa kila mtu maikrofoni yake. Usifanye hivyo. Ukimtenga mmoja na mwenzake umeuvunja wimbo, kwa sababu wanasikilizana kwa mabega na vifua kuliko kwa masikio. Mimi naweka maikrofoni mbili za stendi mbele yao, mbali kidogo, zikitazama nusu duara lote, na moja ya pembeni kwa anayeongoza, ambayo akiamua kuiacha na kwenda kwingine namwacha aende. Mwangwi wa mashine nauzima kabisa. Sauti za chini sizikati, hata kama spika zinalalamika, maana zile nguruma za kooni ndizo zinazobeba kila kitu. Spika nazisogeza pembeni zisiwapigie usoni. Basi. Upande wa nyaya umeisha hapo.

Yaliyobaki ni ya kusikia.

Kiongozi wa kikundi cha Longido ni mama mtu mzima ambaye sote tunamwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai. Mimi humwamkia shikamoo, naye baada ya kuitikia marahaba huniuliza habari za mama yangu, za baba yangu, na za mvua ya Kibosho, kwa utaratibu huohuo, bila kuruka hata moja. Usiku ule ninaoukumbuka kuliko mwingine wowote alisimama mbele ya watu wa Arusha kwenye ua wazi, akasema atasimulia mwaka 2009.

Wengi wenu mnaukumbuka kwa habari za redioni. Mvua zilikosekana msimu kwa msimu, na Longido, Monduli na Ngorongoro zikapoteza mifugo kwa kiwango ambacho baadaye Serikali ilitoa mifugo ya kifuta machozi kwa kaya zilizobaki bila kitu. Hiyo ni habari. Yeyo alisimulia asubuhi.

Alisema vijana waliondoka na ng'ombe wenye nguvu, wengine kuelekea Kilimanjaro, wengine Simanjiro, na bomani wakabaki wanawake, wazee, watoto, ndama na ng'ombe waliokuwa hawawezi safari. Kila alfajiri kazi ya kwanza ilikuwa kuinua ng'ombe. Ng'ombe aliyekonda akilala usiku hawezi kuamka mwenyewe. Mmoja anashika mkia, wawili wanaingiza mikono chini ya mbavu, mtoto anashika kichwa, mnavuta kwa pamoja hadi anasimama, halafu mnamshikilia kwanza maana miguu inatetemeka. Mkimwacha haraka anaanguka, na akianguka mara ya pili hainuki tena. Kisha mnakwenda kwa mwingine. Wakishamaliza kuinua, wanakwenda kukata majani ya miti kwa panga kwa ajili ya ndama, halafu maji. "Tulikuwa tunaimba tukiwainua," alisema, "kwa sababu lazima wote mvute mara moja." Akaanza kuimba wimbo wenyewe, na wenzake wakaingia, na nikaona wanaume wazima kwenye viti vya plastiki wakikaza mikono kwenye magoti yao, kana kwamba nao wameshika ubavu wa ng'ombe.

Katika wimbo huo kuna sehemu ndefu ambapo anaita ng'ombe mmoja mmoja kwa jina. Majina mengi yanatokana na rangi na mabaka yao, kwa hiyo anayesikia anamwona mnyama. Yule mwenye kichwa cheusi na tumbo jeupe. Yule wa kijivu mwenye pembe moja iliyoinama. Akitaja, mwanamke mmoja kwenye kundi anaitikia peke yake, kwa sababu alikuwa wake. Nikiwa pale kwenye miksa, mshereheshaji alinipa ishara ya mkono nishushe sauti kidogo kidogo, muda ulikuwa umepita. Sikuishusha. Orodha ilikuwa haijaisha, na huwezi kumkata mtu katikati ya kuwataja wafu wake.

Halafu alisema jambo ambalo sikuwa nimewahi kulisikia kwenye taarifa yoyote ya ukame. Alisema mvua ilipokuja hatimaye, ndiyo iliyomaliza wengi wa waliobaki. Ng'ombe asiye na nyama mwilini hawezi kuvumilia ubaridi wa mvua ya kwanza ya usiku. Watu walikesha wakimwomba Engai, Mungu wao, mvua, ikaja, na asubuhi wakakuta ng'ombe waliowainua msimu mzima wamelala kwenye matope. Na bado walishukuru, kwa sababu nyasi zingeota. Yeyo aliyatamka yote mawili kwa sauti moja, hasara na shukrani, bila kulainisha lolote. Tangu siku hiyo mtu akisema mbele yangu kwamba ukame huisha mvua ikinyesha, nakumbuka na kusahihisha.

Ndani ya nyimbo hizi kuna maarifa ya kazi. Wanaimba alalili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili ndama na ng'ombe wagonjwa wapate pa kula wakati wa kiangazi, na wanamwimba kwa aibu mtu aliyeingiza mifugo humo kabla ya wakati. Wanaimba njia: Longido, Ketumbeine, Gelai, kisha chini kuelekea Natron, na kati ya mlima na mlima wanataja korongo lenye maji ukichimba mchanga. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa karibu nami aliniambia alijua njia ya Gelai kabla hajawahi kuikanyaga, kwa sababu mama yake aliiimba akikamua. Namwamini. Kwa mtoto wa nyika, kutolijua korongo ni hatari ya maisha, na njia nyepesi ya kulikumbuka ni kuliimba kila siku.

Upande wa Ngorongoro wanakuja na masimulizi zaidi kuliko nyimbo. Kuna kijana mmoja, morani, anayesimulia juu ya mchanga unaohama ulio karibu na Oldupai. Ni kilima cha mchanga mweusi, umbo la mwezi mwandamo, urefu wa kwenda juu kama mita tisa na upana kama mita mia moja, na upepo unakisukuma wastani wa mita 17 kwa mwaka. Wameweka alama zenye miaka kuonyesha kilikuwa wapi lini. Ni majivu ya mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai, yenye chuma ndani yake, ndiyo maana punje zake zinashikana na kilima kinahama kikiwa kizima, hakitawanyiki. Kijana anaeleza haya yote, kisha anaeleza kwamba Lengai ni mlima wa Mungu, na mchanga huo umetoka kwake, na watu wanaukaribia kwa heshima. Mlima ulipolipuka mwaka 2007 hadi 2008 majivu yalifunika malisho, watu wakahama na mifugo. Haoni haja ya kuchagua kati ya chuma na Mungu. Anasimulia vyote viwili, na ua mzima unanyamaza.

Yeye ndiye aliyetusimulia pia jinsi ng'ombe walivyoshuka kutoka mbinguni kwa ukanda wa ngozi, na jinsi mwindaji wa Dorobo alivyoukata ukanda kwa mshale, ng'ombe wasishuke tena. Na juu ya Engai Narok, Mungu mweusi wa wingu na mvua, na Engai Nanyokie, Mungu mwekundu wa kiangazi na hasira. Nilipokuwa mdogo nilifundishwa kuogopa wingu jeusi kwa sababu ya radi na maporomoko. Kwao weusi wa wingu ndio uso wa huruma. Hii peke yake ilinibadilishia namna ninavyotazama anga la Novemba.

Sasa niseme jambo linaloniuma. Hapa Arusha, mji unaoishi kwa utalii, tumewazoea Wamaasai kama watu wa kuruka. Mgeni anashuka kwenye gari, vijana wanajipanga, wanaruka, picha zinapigwa, dakika kumi zimekwisha. Siwalaumu vijana wanaofanya hivyo, ni riziki, na mara nyingi ni ada ya shule ya mtu. Lakini mazoea yale yametuharibu masikio sisi wenyeji. Katikati ya simulizi la 2009 kijana mmoja nyuma alipaza sauti: "Mama, waruhusu vijana waruke basi!" Watu wengine wakapiga makofi. Yeyo alingoja wamalize. Akamjibu kwa upole kabisa, "Mwanangu, kuruka kuna siku yake. Ukija kwenye eunoto utaona. Leo tuko msibani." Kijana akakaa, na baadaye nilimwona anamfuata kumwamkia.

Eunoto ni sherehe ya morani kuvuka kwenda kundi la juu, na ni siku kama hizo ndipo pembe ya tandala hupigwa na vijana wakaruka kwa zamu hadi wachoke. Mahali pake ni pale. Kubandika kuruka juu ya simulizi la njaa ni kuwadharau wafu, na fundi wa sauti, mshereheshaji na mwandaaji wote wana wajibu wa kulinda hilo kabla ya watu kuketi. Siku hizi mwandaaji wetu huwaeleza wasikilizaji mwanzoni watakachosikia na urefu wake. Makelele yamepungua sana. Watu wa mjini wana uvumilivu kuliko tunavyowadhania, ilimradi waambiwe.

Kuhusu kurekodi, sikilizeni vizuri. Simu za wote ziko hewani siku hizi, na mimi mwenyewe nina kinasa sauti. Mara ya kwanza nilipokitoa, bibi mmoja, Koko wa kikundi, mkubwa kuliko wote, aliniita nikaenda nikainamisha kichwa, akakigusa, kisha akaniuliza sauti yake itakaa wapi akishaondoka. Nilimjibu itakaa kwangu na kwao, nakala mbili, na sitaitoa bila idhini. Akakubali kwa nyimbo zote isipokuwa ile ya wanawake ya kuomba mvua. Hiyo inaombwa, haionyeshwi, wala hainaswi. Walikubali kuiimba mbele yetu msimu mmoja ambao vuli ilichelewa, na walipofika hapo nilizima kinasa, nikawaonyesha taa imezimika, ndipo wakaanza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi zisichukuliwe ovyo na watu wa biashara. Wachache sana wanaijua. Nakala ya sehemu hiyo ninayo kwenye begi la nyaya, na nimeshawahi kumsomea mtu aliyetaka kuchukua mapigo yao akayaweke kwenye tangazo bila kuwauliza.

Hiyo haina maana nyimbo zifungiwe. Arusha ilishaonyesha njia: X Plastaz, vijana wa hapahapa, waliimba hip hop wakiwa na mwimbaji wa Kimaasai kundini, akisimama nao jukwaani kama mwenzao, na jina lake likijulikana. Morani wetu mmoja naye anachana kwa Kiswahili na Kimaasai juu ya madumu na punda, na Koko mwenyewe humwitikia. Tofauti ni nani ameketi mezani wakati wa kupanga.

Na mezani pana suala la pesa. Kikundi kinalipwa kiasi kilichokubaliwa kabla ya safari, nauli mbali, chakula mbali, na fedha zinakwenda kwa mweka hazina wa kikoba chao. Haziwekwi mkononi mwa mwanaume yeyote aliyewasindikiza, na hili wanawake wenyewe walilidai kwa maneno ya wazi. Fedha za msimu uliopita walinunua simtanki la kuvunia maji ya mvua kwenye bati la shule. Kwa mama anayetembea na punda tangu alfajiri, tanki lile ni saa za usingizi. Nilipolipanda kukagua bomba la kuingilia niliona wameshaanza kulitungia wimbo.

Kilichobaki ni ratiba, na hapa ndipo waandaaji wengi wa mjini wanaposhindwa. Wanapanga tarehe kwa kufuata msimu wa watalii, Julai hadi Septemba, wakati ambao kule ni kiangazi, mifugo iko mbali, na kila mwenye miguu ana kazi. Sisi tunawauliza wao. Kwa kawaida wanachagua baada ya vuli kushika, ng'ombe wanapokuwa karibu na boma na maziwa yapo, au mwishoni mwa masika. Mvua isiponyesha hawaji, nasi hatuwasukumi. Tunapakia mitambo tunawafuata, kwa jenereta ndogo, na wasikilizaji wanachangia dizeli. Jioni ijayo bado haina tarehe. Ukitaka kuja, pita tunapofanyia mazoezi uache namba yako, au uliza dereva yeyote wa Noah za Namanga kama Longido imeshapata mvua.